UZI MAALUMU: Njia za mawe na gari za 4WD, ugumu unapimwaje na gari gani inapita wapi

#1 Tumbo_la_Difu

Wakuu, salaam.

Swali linarudi kila mara humu: "Gari langu limeinuliwa inchi mbili, lina bampa ya chuma na winchi, je, njia ya namba 7 litapita?" Namba ya njia peke yake haiwezi kujibu hilo. Aliyeiandika alikuwa na aina fulani ya gari kichwani, tena siku kavu. Moab, jimbo la Utah, wenyeji wanapanga njia zao kuanzia 1 hadi 10. Rubicon Trail ya California, kama kilomita 35 kuvuka milima ya Sierra Nevada kuelekea Ziwa Tahoe, wengi huipa 10. Na bado Jeep Wrangler Rubicon ya kiwandani, yenye tairi za inchi 33 na difu loki (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja) mbele na nyuma, inaipita ikiwa na dereva mtulivu. Ukiingiza pale pikapu ndefu yenye nguvu mara mbili, utaiacha tumboni juu ya jiwe kabla ya saa sita.

Kwa hiyo pima jiwe kwa tairi lako. Tairi ya 7.50R16 au 235/85R16 ina kimo cha kama sentimita 80. Jiwe lenye uso wa kusimama:

- hadi robo ya kimo cha tairi (sm 20): gari lolote la 4WD likiwa L4 (magurudumu manne, gia nzito) linapanda, ukienda polepole;
- theluthi (sm 27 hivi): hapa unachagua mstari. Tairi moja itaning'inia, na gari lisilo na loki litaanza kuizungusha hewani;
- nusu (sm 40, usawa wa ekseli): bila loki ya nyuma usitegemee. Hata ukiwa nayo, unahitaji tairi za nyuma zipate pa kusukumia;
- zaidi ya nusu: panga mawe au toa kamba ya winchi.

Ni makadirio ya kazi, msiyachukue kama msahafu. Jiwe lenye mteremko au kona iliyolika linapandika hata likiwa juu zaidi, na lenye ukungu wa maji linakataa hata likiwa fupi. Ila ona tofauti: Jimny mpya (JB74) inatoka na 195/80R15, kimo sm 69. Theluthi yake ni sm 23, nusu haifiki 35. Jiwe lilelile la sm 30 ni la wastani kwa Land Cruiser na ni gumu kwa Jimny.

Jambo la pili ni kuinua gari. Springi ndefu zinainua bodi na chesisi. Kwenye ekseli nzima, difu (lile tumbo la gia katikati ya ekseli) halisogei hata kidogo, maana limebebwa na ekseli, na ekseli imebebwa na tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, na faida yake ni nusu tu ya nyongeza. Kutoka 235/85R16 kwenda 285/75R16 kimo kinaongezeka milimita 28, difu linapanda milimita 14. Ndiyo, 14. Mtu anauza ng'ombe kwa ajili ya milimita 14, halafu gia zake zinakuwa ndefu zaidi na tairi inagusa fenda akikata kona.

Sijasema kuinua ni bure. Kunasaidia pembe za mbele, za nyuma na za tumbo. Ila kabla ya hapo kuna upepo wa tairi, gia, loki na kinga za chini, kwa mpangilio huo. Karibuni tuchambue.

#2 Ngareroo

Natia nanga hapa. Mkuu, swali la Arusha: Land Cruiser za utalii zilizorefushwa kwa ajili ya viti, kwenye mawe zinapoteza kiasi gani? Chesisi imeongezwa, tairi zilezile.

#3 Tumbo_la_Difu

@Ngareroo zinapoteza pembe ya tumbo, yaani ukali wa kigongo ambacho gari linavuka bila kukilalia. Hesabu yake: chukua kimo cha sehemu ya chini kabisa katikati ya gari, gawa kwa nusu ya umbali kati ya ekseli, tafuta tan kinyume kwenye simu, zidisha mara mbili.

Tuseme tumbo liko sm 25 juu ya ardhi. Land Cruiser 76 ina umbali wa sm 273 kati ya ekseli, unapata nyuzi 21. Pikapu ya 79 ina sm 318, nyuzi 18. Ukirefusha hadi sm 370, unabaki na nyuzi 15 na kidogo. Hesabu hii haihesabu unene wa tairi kwa hiyo hali halisi ni nafuu kidogo, ila uwiano ndio huo. Jimny, sm 225 tu kati ya ekseli, kiwanda kinaitaja nyuzi 28. Ndiyo maana kigari kile kinavuka kigongo ambacho gari la milioni mia na ushee linakilalia.

Urefu nao una upande mzuri. Kwenye kupanda ngazi ndefu za mawe, gari refu haliinui pua kirahisi na halina haraka ya kupinduka kwa nyuma. Kigari kifupi kinarukaruka.

Kwa gari lililorefushwa: likifika kwenye kigongo liingize kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, ili tumbo lipite mahali ambapo jiwe limeshuka. Na wageni washuke. Watu saba na mizigo wanakaa juu ya springi za nyuma, gari linashuka sentimita kadhaa ambazo ndizo ulizokuwa unazitafuta dukani.

#4 MekanikaWaSacto

Niongeze la gia, maana wengi wanaliruka wakidhani nguvu ya injini ndiyo inapanda jiwe. Zidisha namba tatu: gia ya kwanza × lo ya transifa (gia nzito ya boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) × difu.

Wrangler Rubicon ya sasa ya manyuo (gia za mkono): 5.13 × 4.0 × 4.10 = 84.
Defender ya zamani yenye giaboksi ya R380: 3.69 × 3.32 × 3.54 = 43.
Jimny JB74 ya manyuo: 4.425 × 2.0 × 4.09 = 36.

Sasa geuza kuwa mwendo. Injini ikiwa sailensi, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, bila kugusa mafuta: Rubicon inatambaa kilomita 1.3 kwa saa. Defender yenye tairi za sm 80 inatambaa 2.5. Jimny? Nayo 2.5, kwa sababu tairi yake ni ndogo. Mtu akiifunga Jimny tairi kubwa bila kubadilisha gia za transifa au difu, anaitoa kwenye 2.5 na kuipeleka karibu 3, kisha analalamika klachi inanuka.

Kwenye mawe tofauti ya 1.3 na 2.5 ni kubwa. Mwendo mdogo unakupa muda wa springi kufuata jiwe na tairi kushika. Mwendo ukizidi, tairi inaruka, inatua ikiwa inazunguka, na hapo ndipo hafu shafti (chuma kinachozungusha gurudumu) inakatika. Uzito wa gari lote unaifikia kwa mpigo mmoja.

Otomatiki ina nafuu yake: kigeuza-nguvu kinaongeza msukumo gari likiwa karibu limesimama, kwa hiyo namba ndogo ya gia haiumi sana. Tatizo lake ni kushuka. Injini haishiki vizuri, utatumia breki zaidi, na mafuta ya giaboksi yanachemka kwenye siku ndefu.

#5 Kifaru_Nyeri

Kazi safi. Wakenya tuna mashindano ya 4WD ya Rhino Charge, tangu 1989, pesa zake huenda kwa shirika la uhifadhi la Rhino Ark. Vituo 13, muda wa saa 10, anayevipitia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Watu huiita mbio lakini kasi haikupi ushindi. Ukizunguka jiwe unaongeza mita, ukilipita juu unaokoa. Kwa hiyo hesabu ya jiwe na tairi mliyoitaja hapo juu ndiyo inayofanywa na timu, ila wao wana mkimbiaji wa mbele anayekagua kwa miguu.

Sasa naomba tusinakili ushauri wa Moab wa upepo wa tairi bila kufikiri. Mawe ya Moab ni ya mchanga ulioshikamana, uso wake unakwaruza kama msasa na ukiwa mkavu raba inang'ang'ania. Huko kushuka hadi psi 15 ni raha. Kusini mwa Ziwa Turkana ukikaribia Loiyangalani, au chini ya Ol Doinyo Lengai kuelekea Natron, hilo ni jiwe la volkano lenye makali. Ukitoa upepo mwingi ubavu wa tairi unafura nje, na ubavu ndio usio na kinga. Jiwe linaupasua na hapo hakuna kiraka kitakachosaidia. Mimi nasema 25 usishuke.

#6 MekanikaWaSacto

@Kifaru_Nyeri nakubali nusu. Tairi ngumu nayo inapasuka: ikigonga jiwe lenye ncha haiwezi kujikunja kulifuata. Ninavyoona mimi:

Mawe ya mchanga au matale (granaiti) laini, gari zito lenye tairi za LT (za magari ya mzigo), rimu za kawaida: psi 16 hadi 18. Gari jepesi kama Jimny: 14 hadi 15. Chini ya 12 kwa rimu za kawaida mdomo wa tairi unaweza kuachia rimu unapokata kona huku jiwe likisukuma ubavuni. Wenye rimu zinazobana mdomo wa tairi kwa boliti wanashuka hadi 8, hao hawaulizi humu.

Volkano yenye makali: 22 hadi 26 kutegemea mzigo, na mwendo wa mtu anayetembea. Tofauti kubwa hapo ni aina ya tairi. Yenye nyuzi tatu ubavuni inastahimili, ya barabarani haistahimili kwa upepo wowote.

Yote yapimwe tairi ikiwa baridi. Asubuhi psi 18, saa nane mchana juani itasoma 21 au 22, usishtuke ukaanza kutoa tena. Na ukitoka kwenye mawe jaza kabla ya kuzidi kilomita 30 kwa saa. Tairi laini kwenye lami inachemka ndani na kuachana tabaka.

#7 Ngareroo

Na sisi tusio na difu loki? Prado nyingi huku zina loki ya katikati tu.

#8 Shafti_Mbovu

@Ngareroo loki ya katikati inagawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Haizuii tairi moja ya nyuma kuzunguka hewani huku mwenzake imelala. Kwa hiyo tairi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto zikining'inia pamoja, umesimama.

Mbinu bila loki: kama handibreki yako inashika tairi za nyuma (Land Cruiser 70 na Prado nyingi ziko hivyo), ivute meno mawili matatu huku ukiongeza mafuta taratibu. Tairi inayozunguka bure inapata kizuizi, nguvu inahamia kwa yenye mshiko. Ni ya sekunde chache, si ya kupandia mlima mzima.

USIJARIBU HII KWENYE DEFENDER YA ZAMANI. Handibreki yake imefungwa kwenye propela shafti, nyuma ya transifa. Ukiivuta gari likienda unaumiza transifa na hupati kitu. Na ndiyo sababu Defender iliyopigwa jeki gurudumu moja inaweza kuondoka na handibreki juu: funga loki ya katikati kwanza, weka jiwe nyuma ya tairi, ndipo upige jeki.

Gari mpya zenye udhibiti wa tairi kwa kompyuta zinafanya kazi hiyohiyo kwa breki ya kila tairi. Kosa la madereva ni kuondoa mguu kwenye mafuta tairi inapoanza kuzunguka. Mfumo unahitaji kuona mzunguko ndipo ubane. Shikilia mafuta pale pale, usiongeze, subiri sekunde mbili tatu. Utasikia kelele za kugonga chini, ni kawaida.

Wenye loki: Toyota wana swichi ya kuzungusha, kwanza RR, kisha FR RR. Fuata mpangilio huo hata kichwani. Nyuma kwanza. Mbele iwe ya dakika ya mwisho, na usukani unyooke. Loki ya mbele ikiwa imefungwa, usukani umekatwa hadi mwisho na tairi imebanwa kwenye ufa: hapo CV (kiungo kinachoruhusu gurudumu la mbele kukata kona huku likizungushwa) inapasuka, ile ya ndani ya kikombe cha ekseli. Pembe kubwa, mipira ya ndani inabeba nguvu upande mmoja. Ukisikia "tak" moja halafu "kra-kra-kra" kwenye kona, simama, toa loki ya mbele, fungua lokihabu (kiunganishi cha gurudumu la mbele na shafti yake) na utoke kwa ekseli ya nyuma.

#9 Bin_Nizwa

Salamu kutoka Oman. Huku kuna kituo cha polisi Birkat al Mawz kinachozuia gari zisizo 4WD kupanda Jebel Akhdar, na watu wa nyumbani wakisikia wanadhani ni njia ya mawe. Ni lami, mwinuko mkali tu; hofu ni breki za gari ndogo wakati wa kushuka. Njia ya Wadi Bani Awf, kutoka juu ya Balad Sayt kuteremka upande wa Rustaq, ni ya vumbi na changarawe, nyembamba yenye genge pembeni. Inataka L4 na moyo, ila jiwe la kupanda ni la hapa na pale.

Kupanda mawe kwenyewe kuko ndani ya mabonde. Mawe ya bonde yamesuguliwa na mafuriko mpaka yamekuwa mviringo. Hayakati tairi lakini yanabingirika. Unapanda jiwe, linageuka, linapiga sampo (bakuli la mafuta ya injini). Kwa hiyo mwelekezaji analijaribu kwa mguu kabla tairi haijafika. Mawingu yakiwa juu ya mlima, hata kama kwako jua linawaka, toka bondeni.

#10 Kifaru_Nyeri

Hapo kwa mwelekezaji tukae kidogo, maana gari nyingi zinaumia kwa sababu watu watano wanapiga kelele.

Mwelekezaji ni mmoja. Wengine kimya, hata mwenye gari akiwa ni baba mkwe. Asimame mbele mahali dereva anamwona uso na mikono, umbali wa gari moja hivi, pembeni ya mstari. Asikae kamwe kati ya gari na jiwe, wala upande wa chini wa mteremko. "Kulia" na "kushoto" ni vya dereva. Bora mikono kuliko sauti: ngumi iliyofungwa maana yake simama, na dereva asiyemwona mwelekezaji asimame bila kuambiwa.

Kazi yake kubwa ni difu. Weka tairi JUU ya jiwe, usilipitishe katikati. Tairi imeumbwa kukanyaga, difu halikuumbwa. Chungulia chini ujue tumbo la difu liko upande gani: Defender za zamani yako kulia, mbele na nyuma, kwa hiyo jiwe lisilokwepeka lipite kushoto ya kati.

Gari likizima katikati ya mpando: mguu wa breki, handibreki, usiguse klachi kwa pupa. Gari za manyuo za zamani zinawaka zikiwa kwenye gia. L4, gia ya kwanza, zungusha ufunguo bila klachi, stata inalisogeza na injini inakamata. Kurudi nyuma ni hivyohivyo kwa rivasi. Gari mpya zina swichi kwenye pedali ya klachi, nyingi zinakataa.

#11 Ngareroo

Nimeelewa. Kinga za chini nianze na ipi? Fundi ananiambia bampa.

#12 Shafti_Mbovu

Fundi anauza bampa, mkuu.

Anza na vyuma vya ubavuni, chini ya milango. Vifungwe kwenye chesisi, visifungwe kwenye bodi, viwe na nguvu ya kubeba uzito wa gari zima, maana ndicho kitakachotokea: gari litaegemea jiwe na kugeuka juu yake. Vile vibomba vya kukanyagia vya dukani vinapinda na kubana mlango usifunguke.

Pili, kinga ya sampo na transifa, bamba la milimita 4 hadi 6, lenye matundu ya kutolea mafuta na kupitisha hewa. Tatu, angalia vikalio vya chini vya shokapu na tenki. Defender, fimbo ya usukani iko mbele ya ekseli, wazi kabisa. Jiwe likiipinda, tairi zinaangalia pembeni. Beba ya akiba au chuma cha kufungia kama banzi.

Toa mzigo wa juu. Madumu manne ya lita 20 ya dizeli ni kama kilo 70, ukiweka na tairi ya akiba na hema unakaribia 150 juu ya paa. Gari likiinama kando, uzito huo ndio unaomalizia kazi. Likianza kuinama kuliko ulivyotaka, geuza usukani upande wa chini na uteremke nao. Kugeuza kwenda juu kunaongeza mwinamo. Mikono ndani, mkanda umefungwa, usifungue mlango kuangalia.

#13 MekanikaWaSacto

La kujinasua, kwa kifupi. Kamba ya kunyumbulika inayovutwa kwa kasi ni ya mchanga na tope. Gari lililobanwa na jiwe halitelezi. Ukilirukia kwa kamba ile, kinachong'oka ni ndoano au kona ya chesisi, na kinaruka kama risasi. Kwenye mawe ni winchi polepole, au jeki ndefu: inua gurudumu lenyewe kwa mkanda uliopitishwa kwenye rimu (ukiinua bampa, springi inanyooka tu na tairi inabaki chini), jaza mawe chini ya tairi, shusha, sogea.

Kamba ya nyuzi ni nyepesi na haina mrejesho mkali ikikatika, ila ikisugua jiwe inakwisha. Ipitishe kwenye soksi yake ya kinga. Nanga ikiwa ni jiwe, lifunge kwa mkanda mpana chini ya kiuno chake, na uhakikishe limezama ardhini.

Kwenye njia ya Rubicon watu hubeba pia vitambaa vya kunyonya mafuta, kwa sababu sampo iliyopasuka juu ya granaiti inamwaga moja kwa moja kuelekea maji. Mifuko miwili ya machujo ya mbao na turubai dogo vinafanya kazi hiyohiyo Natron.

#14 Ngareroo

Nikirudi barabarani nikague nini kabla ya kukimbia?

#15 Tumbo_la_Difu

Lala chini na tochi, dakika kumi:

Ubavu wa ndani wa kila tairi, huko ndiko kunakosahaulika. Mipira ya breki. Fimbo za usukani na boljointi. U-boliti za springi: kaza zote, kwenye mawe zinalegea. Krosi za propela, zishike na kuzizungusha kwa mkono. Mafuta yanayovuja difu na vikombe vya ekseli. Toa loki zote na urudi H2 (au H4 kwa gari lenye 4WD ya muda wote) kabla ya lami, halafu jaza upepo. Mita 200 za kwanza twende kilomita 20 kwa saa, madirisha wazi, redio imezimwa.

@Kifaru_Nyeri hiyo 25 yako ya volkano ni kwa gari tupu au lenye mzigo?

#16 Kifaru_Nyeri

Lenye mzigo. Tupu nashuka 22, nyuma 20. Hapo MekanikaWaSacto amenishinda kidogo.